Huyu ni Wakili wa Nani?

Ndugu msomaji, neno "mwakilishi" twalitumia kila siku, na ni mara chache tunapokaa kulitazama. Asili yake ni wakili, na wakili lilikuwa neno la sheria yetu ya Kiislamu kabla halijawa neno la siasa. Aliyesoma fikihi japo kidogo katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki wanayafuata, anajua kuwa uwakala una mlango wake katika vitabu, na mlango huo una masharti. Mtu akikupa ng'ombe wake ukamuuzie mnadani, wewe umekuwa wakili wake. Ng'ombe si wako. Akikutajia bei, huna ruhusa kuuza chini ya bei hiyo. Wala haijuzu kujiuzia mwenyewe ng'ombe yule, kwani ulimi mmoja hauwezi kuwa wa muuzaji na wa mnunuzi kwa wakati mmoja. Tena mwenye ng'ombe anaweza kukuuzulu saa yoyote apendayo, hata kama umekwisha fika mnadani na kamba unayo mkononi.

Basi na tuuchukue mlango huo twende nao Manchira. Manchira ni kata katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, na jina lake wengi wamelisikia kwa ajili ya bwawa ambalo mji wa Mugumu unalitegemea kwa maji. Watu wa wilaya hiyo ni wakulima na wafugaji. Upande mmoja wana mashamba na mazizi, upande wa pili wana Hifadhi ya Serengeti, na tembo hajui mpaka wa hifadhi uko wapi. Mtu anayekesha shambani akipiga debe ili tembo wasimmalizie mahindi ana neno zito la kusema, naye hawezi kwenda kulisema Dodoma. Kwa hiyo kila miaka mitano anapanga foleni, anatia karatasi sandukuni, na mtu mmoja anakwenda kusema badala yake na badala ya maelfu ya wenziwe. Suala langu kwako msomaji ndilo hili: huyo aliyekwenda Dodoma ni wakili kwa maana ile ya mwenye ng'ombe? Na kama sivyo, ni nani?

Pengine utaniambia kuwa Waislamu katika sehemu hizo ni wachache, na kwamba mambo ya bunge si mambo ya msikitini. Lakini Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Hakusema wenyewe wawe wa dini gani, wala hakusema amana ya fedha tu. Neno la mkulima nalo ni amana mkononi mwa aliyelichukua.

Wako wanaoikataa hesabu hii yangu ya ng'ombe. Wanasema: mbunge si tarishi. Amechaguliwa kwa ajili ya akili yake, akifika bungeni atasikia hoja za watu wa Mtwara na Kagera na Pemba, na lazima awe huru kubadili rai yake, ama sivyo bunge litakuwa kikao cha watu walioziba masikio. Edmund Burke aliwaeleza hivyo hivyo wapiga kura wake wa Bristol mwaka 1774, kwamba anawiwa nao hukumu yake na wala si utii wake. (Mwaka 1780, alipoona kwamba hawamtaki tena, alijitoa katika uchaguzi wa mji huo.) Hoja hii ina nguvu na sitaki kuipita mbio. Mashauriano ambayo kila mtu amekuja na jibu lake mfukoni si mashauriano. Nasi katika Suratush Shuura, aya ya 38, tumefunzwa kuwa sifa ya waumini ni kushauriana katika mambo yao, na mwenye kushauriana lazima awe tayari kushawishika.

Hata hivyo, uhuru wa kushawishika ni jambo moja, na uhuru wa kutorudi kwa waliokutuma ni jambo jingine. Kwa kulitenganisha hili na lile sijaona mfano ulio bora kuliko wa Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.) mwenyewe.

Katika mwaka wa 8 wa Hijra, baada ya vita vya Hunayni, Waislamu walikuwa na mateka wengi wa kabila la Hawazini. Kisha wajumbe wa Hawazini wakaja hali ya kuwa wamekwisha silimu, wakaomba warudishiwe watu wao na mali zao. Mtume akawapa hiari, ama watu ama mali, nao wakachagua watu. Lakini mateka wale walikuwa wamekwisha gawanywa, na kila askari alikuwa na fungu lake. Mtume akasimama mbele ya watu akawaeleza kuwa yeye ameona mateka warudishwe. Atakayependa kutoa kwa radhi yake na atoe, na atakaye kushikilia haki yake atalipwa badala yake katika ngawira ya kwanza itakayopatikana baadaye. Watu wakaitika kwa pamoja kwamba wameridhia.

Lau angekuwa kiongozi mwingine, mambo yangelikwisha hapo hapo. Watu wameulizwa, wamepaza sauti, nini tena? Lakini Mtume hakuikubali sauti ile. Aliwaambia kuwa hawezi kujua nani kati yao ameridhia na nani hakuridhia, akawaamuru warudi katika makundi yao mpaka wakuu wao, ambao Waarabu waliwaita urafaa, wamletee habari zao. Wakarudi. Wakuu wale wakazungumza na watu wao, kisha wakaja kumwarifu Mtume kwamba ni kweli watu wameridhia na wametoa idhini. Habari hii imo katika mkusanyo wa Imamu Bukhari, wala si ya kubahatisha.

Litazame jambo hili vizuri, msomaji. Aliyekuwa akiuliza ni Mtume wa Mungu, na rai yake alikwisha itaja, tena ilikuwa rai ya huruma. Nani angethubutu kuinua mkono mbele ya mkutano aseme hapana? Ndiyo maana ridhaa ya mkutano haikutosha. Katika kundi kubwa mnyonge humezwa na kelele. Mbele ya mkuu wake anayemjua, katika hema lao, aweza kusema kuwa yeye fungu lake analitaka. Kazi ya wale urafaa haikuwa kukaa karibu na Mtume wala kupendeza machoni pa watu. Kazi yao ilikuwa safari ya kurudi: kutoka mbele ya mwenye amri kwenda kwa watu, kisha kutoka kwa watu kwenda kwa mwenye amri. Aliyefanya nusu ya pili bila ya nusu ya kwanza angekuwa amesema uongo hata kama maneno yake yangesadifu kweli.

Na kabla ya hapo, katika ahadi ya pili ya Akaba mwaka 622, watu wa Yathribu wapatao sabini na zaidi, na wanawake wawili kati yao, walipompa Mtume mkono, yeye aliwataka wamtolee wasimamizi kumi na wawili kutoka miongoni mwao. Hakuwachagulia. Wakatoa tisa wa Khazraji na watatu wa Ausi.

Sasa tutazame njia tuliyoipita sisi. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na kwa muda wa miaka 19 halikuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mwaka 1945 wakaingizwa wawili, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame, nao waliteuliwa na Gavana. Mwaka 1957 Gavana alimteua Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo Nyerere akajiuzulu kwa kuwa mapendekezo aliyoyapeleka hayakupokewa. Mimi hupenda kukitaja kisa hiki. Kwa sheria alikuwa mtu wa Gavana, kwa kuwa Gavana ndiye aliyemteua. Lakini kwa dhamiri alijihesabu kuwa ni wakili wa wale walioko nje ya baraza. Alipoona hana cha kuwapelekea, akakirudisha kiti. Ni wangapi tunaowajua waliorudisha kiti kwa sababu hiyo?

Uchaguzi wa kwanza ulifanywa mwaka 1958 na mwanzoni mwa 1959, nao ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimishwa kumpigia Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Kupiga kura kwenyewe kulitaka uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Mkulima wa Manchira wa siku zile tunaweza kusema alikuwa nje ya mlango. TANU ilikutana Tabora mwezi Januari 1958 ikakubali kuingia katika uchaguzi ule ingawa haikuupenda, na wagombea wake wakashinda.

Ukaja uchaguzi wa 1965, wa chama kimoja. Katika jimbo walisimama wagombea wawili wa chama hicho hicho, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, wakatembea pamoja katika mikutano, wakikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi au dini. Watu wengi leo wanaucheka mpango ule. Mimi siucheki wote. Ndani yake wapiga kura wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha, na wapiga kura wa Morogoro wakampa Amir Jamal, mtu wa asili ya Kihindi, ushindi mkubwa dhidi ya Mwafrika. Kwa jambo lile la kutenganisha mtu na kabila lake, naona tulikuwa mbele kuliko tulivyo sasa. Lakini mlango wa kuingilia ulishikwa na chama, na mlango wa kutokea vile vile. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa katika TANU, na kwa kufukuzwa huko wakapoteza ubunge. Waliowapigia kura hawakuulizwa.

Vyama vingi vikarudi mwaka 1992 na uchaguzi wake wa kwanza ukafanywa 1995. Wagombea wakawa wengi, lakini fundo lile halikufunguliwa: mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti, na asiye na chama hagombei kabisa. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga sheria hii mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994 na tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mtikila hakuwa rafiki wa Waislamu, na maneno yake mengi yalituchoma. Hilo halituzuii kusema kwamba katika jambo hili aliuliza suala la haki.

Jimbo la Serengeti lenyewe ni mfano. Mwaka 2010 lilimchagua Dkt. Kebwe Stephen Kebwe wa CCM. Mwaka 2015 likamchagua Marwa Ryoba Chacha wa CHADEMA. Mwaka 2018 Ryoba akaihama CHADEMA akajiunga na CCM, kiti kikawa wazi, naye akarudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Mwaka 2020 akaja Jeremiah Amsabi Mrimi wa CCM. Sitaki kuizungumza nia ya mtu yeyote kati ya hawa. Nia ni baina ya mja na Mola wake, na kuhama chama si dhambi. Nataka kuwazungumza waliopiga kura mwaka 2015. Kuna aliyempigia mtu, na kuna aliyepigia chama. Mtu alipohama, yule wa kwanza aliona bado ana wakili wake, na yule wa pili aliona ng'ombe wake ameuzwa usiku. Wote wawili wana haki ya kulalamika au kufurahi, lakini hakuna hata mmoja aliyerudiwa hemani mwake akaulizwa kabla ya uamuzi. Sheria haikumdai mbunge afanye hivyo. Sheria inakijali chama, inajali na sanduku la kura. Safari ya kurudi haimo.

Labda wenzetu wamefanya vizuri zaidi? Toka Serengeti upite Tarime mpaka Sirari, uvuke mpaka, utawakuta Wakurya wale wale wakiwa raia wa Kenya, katika kaunti ya Migori. Wao wana baraza ambalo sisi hatuna, yaani Seneti. Katiba yao ya uhuru ya 1963 iliwapa Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, ili makabila madogo yasimezwe na makubwa. Haikuishi: mwishoni mwa 1966 iliunganishwa na baraza la pili, na maseneta wale wakatengenezewa majimbo waendelee kukaa bungeni. Yaani walinzi wa wilaya walikubali kulinda viti vyao na kuacha kilichokuwa kikilindwa. Seneti ilirudishwa na Katiba ya 2010, na tangu uchaguzi wa Machi 2013 ina maseneta 47 waliochaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, na wengine 20 wa orodha za vyama: wanawake 16, vijana 2 na watu wenye ulemavu 2. Kwa sensa ya 2019 Lamu ilikuwa na watu 143,920 na Nairobi 4,397,073. Katika Seneti kila moja ina seneta wake mmoja, na katika mambo ya kaunti kila ujumbe una kura moja.

Kwa Wakurya, walio wachache ndani ya Migori, mambo yamekwenda hivi. Seneta wa kwanza, mwaka 2013, alikuwa Dkt. Wilfred Machage, Mkurya, aliyesimama kwa chama cha ODM. Mwaka 2017 akachaguliwa Ben Oluoch, aliyefariki mwaka uliofuata, na katika uchaguzi mdogo wa Oktoba 2018 akaingia Ochillo Ayacko. Mwaka 2022 Ayacko akawa gavana na useneta ukaenda kwa Eddy Oketch. Je, toka 2017 Wakurya hawana mtu? Jibu ninaloliona mimi ni kwamba hilo haliamuliwi na damu ya seneta. Katiba yao inasema kiongozi wa ujumbe apige kura ile moja baada ya kushauriana na wenziwe wa ujumbe. Akishauriana na Isebania na Kehancha kama anavyoshauriana na watu wa kwao, Mkurya ana wakili. Asipofanya hivyo, hata Mkurya mwenziwe angewakilisha tumbo lake.

Kenya vile vile wameandika, katika Ibara ya 104, kwamba wapiga kura wana haki ya kumrudisha nyumbani waliyemchagua kabla ya muda wake. Ile ndiyo haki ya mwenye ng'ombe. Kwetu Tume ya Jaji Joseph Warioba, naye mtu wa Mara, ilipendekeza haki kama hiyo katika rasimu ya 2013 pamoja na mgombea binafsi. Rasimu ile haikuwa Katiba, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa.

Lakini msomaji, usije ukadhani kuwa lawama yote ni ya anayechaguliwa. Kwa muda wa miaka kadhaa sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu kitu kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba vifungu vile ni kinyume cha Katiba. Vifungu vimekufa, kanga, pilau na noti za elfu tano hazijafa. Na sisi tunajua hukumu yake tangu zamani. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aliyeitwa Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, aliporudi akagawa vitu mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama angeletewa zawadi. Ugeuze mfano huo: lau wewe usingekuwa na kura, mgombea yule angekuletea kanga? Aliyekwisha kulipwa bei ya ng'ombe hana uso wa kumwuliza wakili ng'ombe yuko wapi.

Watu wa Manchira hawahitaji kungoja Katiba mpya ili waanze. Wakurya wanao mkutano wao wa jadi, iritongo, ambamo watu hukaa pamoja wakazungumza mambo ya jamii. Mikutano mikuu ya vijiji iko katika sheria. Misikiti na makanisa yana kamati zake. Bunge la bajeti huanza mwezi wa Aprili, na baada ya hapo mafungu ya maji, ya barabara na ya fidia ya mashamba yaliyoliwa na tembo huwa yamekwisha pangwa. Basi na aitwe mwezi wa Februari au Machi, kwa barua yenye mihuri ya vijiji, asomewe mambo matatu au manne, na majibu yake yaandikwe katika daftari la kijiji pamoja na tarehe. Julai aitwe tena, daftari lifunguliwe ukurasa ule ule. Na yule mwanamke wa mwisho kabisa kwenye mkeka, ambaye hakupiga makofi wenziwe walipopiga, aulizwe kwa jina lake yeye anasemaje.